Antena Niliinyoosha, Saa Ikanishinda

Bibi mmoja wa Langoni, mtaa wa hapa Amu, yaani Lamu, aliniita mwivi mbele ya watu. Nilikuwa nimekaa nje ya duka langu nakaza kichwa cha waya, akanisimamia na buibui lake, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa muuza kahawa: "Wewe mwanangu ni mwivi. Pesa zangu umezila na kitu hukunipa. Ndoo uone kwa mato yako."

Nikamfuata kichochoro kwa kichochoro, huku nikijaribu kukumbuka nimekosa wapi. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemfungia king'amuzi na antena mpya juu ya dari, kwa sababu moja tu. Mjukuu wake alikuwa anaanguka hesabu, na mwalimu wa shule alimwambia kuna katuni ya Kiswahili inayofundisha hesabu, mtoto akiitazama itamsaidia. Nikamtafutia chaneli, nikaijaribu, picha ikatoka safi. Kabla ya kuondoka nikamwandikia kwenye karatasi: Jumamosi 9:00. Nikaibandika ukutani.

Tulipoingia, TV ilikuwa inawaka. Wanaume wawili wenye miili kama mafahali, wamevaa chupi za kumetameta, wanainuana na kubwagana. Mieleka. Mjukuu amekaa kwenye mkeka, mdomo wazi kwa raha.

"Hii ndiyo hesabu?" bibi akaniuliza.

Nikaitazama saa yangu. Saa tisa na robo, alasiri.

Nilikuwa nimenakili saa kama ilivyoonyeshwa kwenye kioo, saa za Kizungu. Tisa yao ndiyo tatu yetu. Bibi alisoma tisa, akawasha saa tisa, kama ambavyo mtu yeyote wa Amu mwenye akili timamu angefanya. Nilicheka, yeye hakucheka. Nikaitoa karatasi, nikaandika upya kwa maneno: Jumamosi, saa tatu asubuhi. Akaisoma polepole, kisha akanirudishia mkononi.

"Saa tatu ya Jumamosi? Saa tatu huyu yuko chuoni."

Sikuwa na la kujibu. Kweli, Jumamosi asubuhi watoto wote wa mtaa ule wako chuoni, yaani madrasa. Wangu pia. Mimi mwenyewe ndiye ninayewaamsha.

Nimekuwa fundi wa televisheni hapa kisiwani zaidi ya miaka ishirini, na naapa hadi siku ile sikuwahi kujiuliza kipindi kinaonyeshwa saa ngapi. Mimi kazi yangu ilikuwa mawimbi. Zamani za analojia mteja alikuita kwa sababu ya chenga kwenye picha. Ungepanda darini, mtoto mmoja akae dirishani, mwingine chini mbele ya TV, na maneno yapande ngazi: "Bado! Bado! Hapo! Umepitisha!" Upepo wa kusi ukianza kuvuma unasukuma antena kidogo kidogo hadi inaelekea baharini, na mwezi wa sita mafundi wote tunakula vizuri. Chumvi nayo haina likizo. Waya wa shaba unageuka kijani kichwani, viungo vya alumini vinafanya unga mweupe, na kama hukupaka grisi na kufunga utepe, baada ya mwaka unaitwa tena na unalaumiwa tena. Sijataja kunguru wanaofanya antena kitanda. Wala punda, ambao wakipita kichochoroni na mzigo wa mawe ya matumbawe hawaulizi kama waya uliolegea ni wa nani.

Kisha ikaja dijitali. Mwaka 2015 ndio uliotuchanganya zaidi. Mwezi wa pili vituo vikubwa vya Nairobi vilikaa karibu wiki tatu bila kurusha matangazo kwa sababu ya ule ugomvi wa kuhama kutoka analojia, na tarehe 17 Juni ndiyo iliyokuwa siku ya mwisho iliyokubaliwa kimataifa. Watu walikuja dukani na TV zao begani kama wanaopeleka mgonjwa hospitali, wanaamini imeharibika. Nikawa mwalimu wa watu wazima: TV yako nzima, ila inahitaji kisanduku cha kuitafsiria. Na nilibidi nieleze jambo jingine ambalo hadi leo wengine hawakubali. Analojia ikidhoofika ulibaki unaona vivuli na kusikia sauti. Dijitali haina unusu. Picha ipo, au imegandamana vipande vya mraba kisha ikatoweka. Kwa hiyo antena ikisogea upana wa vidole viwili, nyumba nzima inakosa kila kitu.

Ndiyo maana nilijiona nimemaliza kazi picha ikitoka. Bibi wa Langoni ndiye aliyenionyesha kwamba nimefikisha kipindi hadi ukutani, kwa mtu ambaye hayupo.

Ajabu ni kwamba sisi tulipokuwa wadogo jambo hili lilikuwa limekwisha kufikiriwa. Nilisoma shule ya msingi miaka ya themanini. Darasani kulikuwa na redio moja kubwa, na mwalimu aliibeba kwa mikono miwili kama sinia ya pilau. Matangazo ya shule yalikuwa yakitayarishwa na Taasisi ya Elimu ya Kenya na kurushwa na Sauti ya Kenya, ile iliyobadilishwa jina mwaka 1989 ikawa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC. Ratiba ilibandikwa ofisini. Somo likifika saa yake, madaftari yamefunguliwa na sisi tumekaa, tumenyamaza, kwa sababu waliotunga kipindi walijua wanafunzi wa darasa la nne wako wapi saa nne asubuhi ya Jumanne. Wako darasani. Hakukuwa na haja ya kuwatafuta.

Televisheni inawatafuta watoto nyumbani. Na nyumbani kwetu Amu ratiba si ya Nairobi.

Baada ya kisa cha bibi nikaanza tabia ambayo mke wangu aliiita udaku. Kila nyumba niliyopanda dari nilimwuliza mama wa nyumba: watoto huwa hapa saa ngapi? Nikaandika kwenye daftari la madeni, kurasa za nyuma. Majibu yalifanana hadi yakachosha. Alfajiri wanaamka, shule. Mchana wanarudi wale wadogo, wanakula, wanalala au hawalali. Saa tisa, saa kumi, chuoni. Wakitoka, pwani: kupiga mbizi gatini, mpira mchangani maji yakitoka. Jumamosi na Jumapili asubuhi, chuoni tena. Mwezi wa Ramadhani usiulize, maana hapo hata watu wazima hawajui wako wapi saa ngapi.

Saa pekee ambayo karibu kila mama aliitaja ilikuwa baada ya Magharibi. Mtoto ameoga, amevaa kikoi, anangoja chakula, hawezi kutoka tena. Saa moja, saa moja na nusu, hadi Isha na baada yake kidogo. Hapo ndipo macho yote ya nyumba yanapogeukia kwenye kile kioo.

Na saa hiyo kioo kina nini? Vituo vya kawaida vina tamthilia ya nje iliyotafsiriwa, mwanamke analia kwa sababu mume wake ana pacha asiyejulikana, halafu taarifa ya habari ya Kiswahili saa moja. Watoto wa Amu wanaijua habari ya saa moja kama wanavyojua Juzuu Amma. Binti yangu mkubwa akiwa na miaka sita alikuwa akichukua mwiko jikoni, anakaa wima, anasoma maafa ya nchi nzima na kumalizia kwa jina lake na "kutoka Lamu". Sisemi kwamba hakujifunza. Kiswahili chake sanifu amekitoa hapo, na mikoa ya Kenya aliifahamu kabla ya kufundishwa. Lakini alijifunza pia, akiwa na miaka sita, jinsi basi linavyoonekana likiwa limepinduka.

Kenya tuna kanuni ya utangazaji inayosema kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku vipindi viwe vya kufaa familia nzima. Ni kanuni nzuri. Ila inasema mtoto asionyeshwe nini, na mimi nilikuwa natafuta saa ya kuonyeshwa kitu. Usiku mmoja nikaingia kwenye simu kusoma wenzetu wanafanyaje. Marekani walipitisha sheria ya televisheni ya watoto mwaka 1990, na mwaka 1996 mamlaka yao ya mawasiliano ikaweka kiwango: kituo cha kawaida kirushe vipindi vya elimu kwa watoto kwa jumla ya saa tatu kwa wiki. Lililonifurahisha halikuwa zile saa tatu. Lilikuwa kwamba kanuni ilitaja na muda, kipindi kisihesabiwe kama hakikuonyeshwa kati ya saa moja asubuhi na saa nne usiku, na kiwe cha kila wiki, si cha kubahatisha. Kumbe kuna mtu aliyewaza kwamba kituo kinaweza kurusha kipindi cha watoto saa kumi usiku, watoto wamelala, kikajiandikia kuwa kimetimiza wajibu. Mtu huyo hata kama sijui sura yake, nilimpenda. Ila kwa mtoto wa Langoni bado asingefaa kitu, maana saa tatu ya Jumamosi imo ndani ya kanuni hiyo bila tatizo.

Nikapiga simu kwenye kituo kimoja. Sikitaji, na aliyenijibu alikuwa mtu wa adabu. Nikamweleza: watoto wa huku Jumamosi asubuhi wako madrasa, mngekiweka kipindi jioni mngewapata wengi, na si Lamu tu, mwambao wote, Garissa, Wajir. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema jioni ndiyo saa ya watangazaji wa biashara, nusu saa ile inalipia wiki nzima. "Mzee, hata mimi wanangu wako madrasa," akasema. Alikuwa Mwislamu kama mimi. Tukacheka wote wawili, tukaagana, na mambo yakabaki palepale.

Hapo ndipo ujanja wa fundi ulipoingia. Ving'amuzi vingi vina tundu la kuchomeka flashi, na watu wengi wanadhani ni la kusikilizia kaswida. Vingine vinaweza kurekodi, tena unaweza kukiambia leo kirekodi Jumamosi, saa fulani hadi fulani, chaneli fulani, ukaenda zako. Nikaanza nyumbani kwangu. Jumamosi asubuhi, watoto wako chuoni, kisanduku kinarekodi peke yake sebuleni na TV imezimwa. Usiku baada ya Magharibi nikachomoa habari na tamthilia, nikaweka katuni.

Katuni yenyewe ilikuwa Ubongo Kids, ya Dar es Salaam, iliyoanza kuonyeshwa TBC1 ya Tanzania Januari 2014 kisha ikavuka hadi kwetu. Wanyama na watoto wanatatua mambo kwa hesabu na sayansi, wanaimba. Nilitegemea wanangu wataona ni ya kitoto. Wakanyamaza. Wakaomba irudiwe. Na hii ndiyo faida ya kurekodi ambayo sikuitarajia: unaweza kusimamisha. Mtoto akiuliza "kwani imekuwaje?" unabonyeza, mnazungumza, mnaendelea. Kipindi cha moja kwa moja hakimngoji mtu.

Lugha ilizua vituko. Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akikaa nasi, na yeye Kiamu chake hakikuguswa na shule. Katuni ikihesabu moja, mbili, tatu, yeye anahesabu moya, mbili, tatu. Katuni inasema njia, yeye anasema ndia. Mtoto wangu mdogo akamsahihisha siku moja, "Bibi, si moya, ni moja." Nikaona mama anaumia. Nikabonyeza kusimamisha. Nikawaambia moya ni ya nyumbani na moja ni ya shuleni, na mwenye zote mbili ana mbili. Mama akasema, "Wallahi huyo wa kwenye TV ndiye asiyejua kusema." Tukaendelea.

Habari ikaenea, maana hakuna siri kisiwani. Wateja wakataka nao nirekodi. Kwa wengine niliweza, kwa wengine kisanduku hakikuwa na uwezo huo. Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani nikirekodi kwangu ninaweza kumpa mwenzangu flashi. Visanduku vingi vinaandika kwa namna yao, flashi haisomeki kwingine. Kosa la pili kubwa zaidi: nilipopata njia ya kuzigeuza zisomeke, nikaanza kuziuza. Shilingi kadhaa kwa flashi. Wiki ya pili mwanangu wa kiume akaniuliza wale wa Dar es Salaam wanapata ngapi katika hizo. Nikamfokea. Usiku sikulala vizuri, kesho yake nikaacha. Kurekodi kipindi ukakitazama nyumbani kwako ni kitu kimoja, kujifanya kituo cha televisheni pale Langoni ni kingine.

Kwa hiyo nikabaki na kazi ya kufundisha kila nyumba irekodi yenyewe. Ilishindwa zaidi ya kufaulu, niseme ukweli. Umeme ukikatika Jumamosi saa tatu kasorobo, hakuna katuni. Tokeni ya umeme ikiisha, hakuna. Na adui mkuu akawa mpira. Nilikuta nyumba moja ami wa watoto amefuta vipindi vyote vya wiki sita ili apate nafasi ya mechi moja ya Uingereza ambayo timu yake ilifungwa. Watoto walikuwa wananitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyefungwa.

Ila pale ilipofaulu niliona mambo. Nilikwenda Matondoni kufunga sola na TV ndogo kwa mzee mmoja ambaye ujana wake aliumalizia kwenye mikoko. Jioni tukala pamoja, wajukuu wakawasha walichorekodi, kikafika mahali pa kuzidisha kwa ishirini. Mzee hakuwa anatazama. Alikuwa anachokonoa meno. Akasema tu, kama anayejisemea: "Hiyo si korija?" Wajukuu hawakujua korija ni nini. Akawaeleza kwamba miti ya mikoko haikuuzwa mmoja mmoja, iliuzwa kwa korija, na korija ni ishirini. Fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila unene na bei yake, lakini korija ni ileile. Kisha akaanza kuwauliza. Korija saba ni boriti ngapi? Kijana mkubwa akafunga macho. Mia na arobaini. Korija tisa na nusu? Wakakaa hivyo hadi Isha, TV imesimamishwa, katuni mdomo wazi katikati ya neno. Ingekuwa saa tatu ya Jumamosi, mzee angekuwa baharini au msikitini na wajukuu wangekuwa chuoni, na kipindi kingepita juu ya makuti kikaenda zake Somalia.

Halafu ikaja 2020, na kwa mara ya kwanza saa na watoto wakakutana. Machi 15 ikatangazwa shule zifungwe. Madrasa zikafungwa, misikiti ikafungwa. Jumamosi saa tatu asubuhi watoto wote wa Amu walikuwa nyumbani, hawana pa kwenda. Tarehe 31 Machi ikaanza Akili Kids, chaneli ya watoto tupu, ya bure, kuanzia asubuhi hadi usiku. Taasisi ya Mitaala, KICD, ikawa inarusha masomo kwenye redio za KBC na kwenye chaneli yake ya elimu. Simu yangu haikunyamaza. Kila mzazi alitaka antena leo, na mimi kafyu ya saa moja jioni iliyoanza Machi 27 inanifukuza darini kabla jua halijazama.

Nilidhani huu ndio wakati wetu. Ulikuwa mgumu kuliko nilivyowaza. Nyumba ina watoto watano wa madarasa matano na TV moja. Somo la darasa la saba linapigwa, wa darasa la pili anavuta rimoti. Mwanangu alikuwa darasa la nane, mwaka wa mtihani, na mwenzake anayekaa Pate alikuwa akinipigia aniulize somo limesema nini, kwa sababu kule kwao betri ya sola ilikuwa inaisha nguvu mchana. Hao wa Pate tukawaambia watumie redio, na redio ndogo ya betri ikawa bora kuliko TV zangu zote. Mwalimu wa kwenye kioo naye ana mifano yake: matatu mbili zinaondoka Nairobi, moja inakwenda kasi hii na nyingine ile. Kisiwa chetu hakina matatu. Mwanangu alibadilisha kila matatu kuwa mashua ya Mokowe, akapata jibu, kisha akaniuliza kwa dhati kama ile ya pili isingekwama fungu la mchanga. Shule zilifunguliwa Oktoba 12 kwa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne, waliobaki wakangoja Januari 4, 2021. Mtihani wake aliufanya Machi. Alipita, na sifa nampa yeye na mama yake, na redio.

Vyuo vilipofunguliwa tena, Jumamosi saa tatu ikarudi kuwa ya ustadhi. Ile chaneli ya watoto ya siku nzima imepunguza tatizo kwa wanaoipata vizuri, na wale ambao antena zao zinashika. Baada ya Magharibi wako wanaoichagua. Wengine bado wana rimoti iliyo mkononi mwa baba.

Na yule bibi aliyeniita mwivi? Kisanduku chake hakikuwa cha kurekodi na hakutaka kununua kingine. Alichofanya ni kuniuliza kama kile kipindi hakirudiwi. Kilikuwa kinarudiwa Jumapili, saa nne na nusu. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Jumapili chuo cha mjukuu wake kinawaachilia watoto saa nne. Tatizo likabaki moja: mtoto akitoka chuoni haji nyumbani, anakwenda gatini kupiga mbizi, na ukimkosa pale mlangoni hutamwona hadi adhuhuri. Kwa hiyo alihitaji kujua saa nne kasorobo, ili amtume msichana wa jirani akamsubiri. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa siku nyingi, na simu yake aliwasha kupokea tu.

Nilikuwa darini. Nikatazama chini kiwandani, ule uwanja wa ndani ya nyumba, nikaona jua limeingia na kukata ukuta kwa mstari. Nikashuka, nikachukua kipande cha mkaa jikoni, nikamwekea alama kwenye chokaa chini ya kidaka, lile tundu la ukutani la kuwekea vitu. "Jua likifika hapa, bibi, mtume." Ilikuwa Januari, kaskazi inavuma. Nikajisifu njia nzima kurudi dukani.

Mwezi wa sita aliniita tena, kusi imeipindua antena. Nilijua nitapigwa maneno, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kukumbuka jambo ambalo mtoto wa pwani hapaswi kulisahau: jua halikai mahali pamoja mwaka mzima. Alama yangu ya Januari mwezi wa sita haina maana yoyote. Nikapanda moja kwa moja bila kusema, nikanyoosha antena, nikafunga waya, nikashuka.

Kiwandani kulikuwa na alama tatu. Yangu, na mbili nyingine za mkaa mweusi zaidi, moja imepanda juu karibu na kidaka, moja katikati.

"Hii yako ni ya kaskazi," bibi akasema, hakunitazama. "Hii ya kusi. Hii nimeikisia, ni ya demani, kusi ikiisha, tutaona ikifika." Akanimiminia chai. Nikamwambia nimesikia kituo kinataka kuhamisha marudio yale hadi saa tano.

Akakaa kimya kidogo, akaangalia ukuta.

"Mkaa upo," akasema.